Ngozi Iliyomaliziwa: Kutambua Dalili na Chanzo Chake Kabla ya Kupaka Chochote

Ngozi ya sofa, ya kiti cha gari, ya mkoba au ya jaketi inapoanza kuharibika, watu wengi hukimbilia kopo la mafuta kwa imani kwamba imekauka na inahitaji kulishwa. Imani hiyo ina ukweli kwa ngozi chache tu. Sehemu kubwa ya ngozi zinazotumika leo katika samani na magari hutoka kiwandani zikiwa zimefunikwa kwa tabaka la rangi na tabaka la kinga, na mafuta yanayopakwa juu ya matabaka hayo hayazifikii nyuzi za ngozi kwa kiasi cha maana. Hubaki juu, hushika vumbi, na taratibu hulegeza kile kilichokusudiwa kuwa kigumu. Kwa sababu hiyo, katika karibu kila tatizo linaloelezwa hapa chini mpangilio ni uleule: tabaka la juu hukaguliwa kwanza, uchafu huondolewa pili, na mafuta hufikiriwa mwisho, tena kwa ngozi inayoweza kuyapokea.

Kutambua aina ya umaliziaji

Ngozi mbichi ni mtandao wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Kiwandani nyuzi hizo husindikwa kwa chumvi za kromiamu au kwa tanini za magome na mbao ili zisioze, kisha hutiwa mafuta maalumu yanayoziwezesha kuteleza kila ngozi inapokunjwa. Baada ya hapo ndipo huja umaliziaji, yaani kazi ya rangi na matabaka ya juu, na tofauti za umaliziaji ndizo zinazoamua namna ya kutunza.

Ngozi ya anilini imetiwa rangi ya kuyeyuka inayopenya ndani, na juu yake hakuna kitu au kuna utando mwembamba sana, hivyo vitundu vya vinyweleo na makovu ya mnyama huonekana waziwazi. Ngozi ya nusu anilini imeongezewa tabaka jepesi la pigmenti, yaani rangi inayofunika uso bila kupenya, na utando wa kinga. Ngozi ya pigmenti imefunikwa kabisa: kuna tabaka la msingi, tabaka la rangi na tabaka la juu, ambalo kwa kawaida ni poliuretani au akriliki, yaani aina za plastiki. Matabaka hayo yote kwa pamoja ni membamba kuliko wengi wanavyodhani. Kiwango cha Ulaya cha EN 15987 kinaweka mpaka katika milimita 0.15, ngozi ambayo tabaka lake la juu limezidi hapo hutakiwa kutajwa kuwa ni ngozi iliyofunikwa, si ngozi tu. Unene huo mdogo ndio unaobeba mzigo wote wa jasho, msuguano, jua na sabuni, na ndiyo maana unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote.

Kutofautisha aina hizi kunahitaji tone la maji safi na mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya mto wa kiti au ndani ya pindo la mkoba. Weka tone na usubiri dakika chache. Likibaki limesimama juu bila kupenya, na ukilifuta usione alama, tabaka la kinga lipo na bado ni zima. Likipenya haraka na kuacha sehemu yenye giza, ngozi ni ya anilini au tabaka lake limekwisha. Likipenya polepole, huenda ni nusu anilini, au ni pigmenti iliyoanza kuchakaa. Jaribio hili lifanyike pia katika sehemu zinazoguswa sana, kwa kuwa kiti kimoja kinaweza kuwa na tabaka zima mgongoni na tabaka lililokwisha mkononi, na hapo matunzo hayawezi kuwa ya aina moja kwa kiti chote.

Swedi na nubaki zina uso wa manyoya mafupi na hazina tabaka la kufuta. Usizipake losheni wala povu linaloelezwa humu.

Uso unanata, au umekuwa na mng'ao wa mafuta

Hili ndilo tatizo ambalo hupuuzwa mwanzoni na kugharimu sana mwishoni. Hutokea mahali ambapo kichwa huegemea, kwenye mikono ya viti, kwenye usukani na kwenye vishikio vya mikoba, yaani palepale mwili unapogusa. Rangi huwa nzito zaidi, uso hung'aa isivyo kawaida, na kidole kikipita hukwama kidogo.

Chanzo cha kwanza ni mafuta ya mwili, jasho, mafuta ya nywele na krimu za mikono. Vitu hivi haviishii kuchafua. Huingia ndani ya tabaka la juu na kulilainisha, na tabaka lililolainika huachia ngozi kwa urahisi. Katika hatua ya mwisho ukucha ukipita kidogo tu rangi hutoka kama ukoko laini. Chanzo cha pili ni dawa za kutunzia ngozi zenyewe, hasa zenye mafuta mengi au nta, zilizopakwa mara kwa mara juu ya ngozi ya pigmenti bila kusafisha kati ya upakaji mmoja na mwingine. Chanzo cha tatu huhusu ngozi bandia, ambayo nitaieleza mbele kidogo.

Ili kujua tatizo limefika wapi, tumia kitambaa cheupe chenye unyevu mdogo na tone la kisafishaji cha ngozi. Kikitoka na uchafu wa kahawia au wa kijivu huku rangi ya ngozi ikibaki palepale, tatizo ni la juu na litaondoka kwa kusafisha. Kikitoka na rangi ya ngozi yenyewe, tabaka limeshaathirika na huna budi kupunguza nguvu ya mkono mara moja.

Usafishaji ufanywe kwa kisafishaji cha maji kilichotengenezwa kwa ajili ya ngozi, chenye asidi kidogo au kilicho karibu na hali ya kati. Ngozi iliyosindikwa ina asili ya asidi, kipimo chake cha pH kikiwa takribani 3.5 hadi 5, ilhali sabuni ya mche huwa karibu na 9 au 10. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, na alkali, yaani kinyume cha asidi kilichomo katika sabuni hiyo, hudhoofisha rangi, husumbua mafuta yaliyotiwa kiwandani na, ikirudiwa kwa muda mrefu, hudhoofisha hata muungano wa nyuzi na vitu vilivyozisindika. Piga povu kwenye sponji, si moja kwa moja kwenye ngozi. Sugua polepole kwa mzunguko, kipande kimoja kutoka mshono hadi mshono. Futa uchafu kwa kitambaa chenye unyevu kabla haujakauka. Kisha acha ikauke yenyewe. Penye vitundu na mikunjo mingi, burashi yenye nywele laini husaidia kuliko kuongeza nguvu. Ikiwa mafuta yamezama sana, marudio matatu ya upole siku tofauti ni bora kuliko siku moja ya kusugua kwa nguvu.

Vitambaa vyenye unyevu vinavyouzwa kwa ajili ya kufutia watoto, dawa za kuua vijidudu zenye spiriti, dawa za kusafishia vioo zenye amonia na vimiminika vyenye klorini vina madhara ya pole pole juu ya tabaka la kinga. Ubaya wake ni kwamba mara ya kwanza haina alama, na mara ya kumi pia huenda isiwe na alama, kisha ghafla rangi huanza kutoka, na mwenye kitu hulaumu ngozi.

Baada ya kusafisha na kukauka, paka kinga iliyotengenezwa kwa maji na kukusudiwa kwa ngozi ya pigmenti. Kazi yake ni kuwa utando wa kujitoa mhanga: msuguano na uchafu uanze nayo kabla ya kufika kwenye tabaka la kiwandani. Kwa matumizi ya kila siku, kufuta vumbi kila wiki na kusafisha kwa povu kila baada ya miezi mitatu hadi sita hutosha. Sehemu za kichwa na mikono zinahitaji zaidi ya hapo.

Nyufa

Nyufa ni za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakofanya watu wamwage mafuta bila faida.

Aina ya kwanza ni nyufa za tabaka la juu. Ni nyembamba, hufuata mikunjo ya kukalia au kukunjia, na ukizivuta kidogo kwa vidole viwili huku ukitazama kwa lenzi ya kukuzia, utaona chini yake uso laini wa ngozi au tabaka la msingi, bila nyuzi kuchomoza. Husababishwa na tabaka lililokuwa gumu kupita kiasi, na jua lililolifanya likose mnyumbuko, na mafuta ya mwili yaliyolilegeza, au na vumbi lenye mchanga lililoingia katika mikunjo na kulisaga kila mtu anapokaa. Chanzo hiki cha mwisho hakitajwi inavyostahili. Kivuta vumbi chenye burashi laini, kikipitishwa kwenye mishono na mikunjo kabla ya kufuta, huzuia nyufa nyingi kuliko losheni yoyote ile.

Aina ya pili ni nyufa za ngozi yenyewe. Ukizivuta huonekana nyuzi, rangi ya ndani huwa tofauti kabisa, na kingo huwa kavu na zenye kuinuka. Hapa nyuzi zimepoteza mafuta yake au zimegandana kwa joto na ukavu. Hutokea kwenye ngozi iliyokaa karibu na kipasha joto, nyuma ya kioo chenye jua kali, au kwenye viatu vilivyokaushwa motoni. Nyufa hizi hazizibiki kwa mafuta. Mafuta yanaweza kulainisha ngozi iliyobaki nzima na hivyo kuzuia nyufa mpya, ikiwa ni ya anilini au tabaka lake limekwisha, lakini nyuzi zilizokatika haziungani tena.

Nyufa za tabaka hurekebishwa. Safisha, kausha, kisha futa mafuta yaliyosalia kwa spiriti kidogo katika eneo linalopakwa rangi tu. Huu ni wakati mmoja ambao spiriti ina nafasi yake, kwa kuwa tabaka linaandaliwa kufunikwa upya. Lainisha kingo za nyufa kwa msasa mwembamba sana wa namba 1000 au zaidi, futa unga, paka kijazio laini kwa tabaka nyembamba kadhaa ukisubiri kila moja ikauke, kisha rangi ya maji ya ngozi kwa sponji, na mwisho utando wa kinga. Tabaka nyembamba tatu hushika na kukunjika vizuri kuliko moja nene, ambayo itapasuka tena palepale. Nyufa za ngozi yenyewe, zikiwa za kina, hutaka kipande kibadilishwe au kibandikwe kitambaa kwa nyuma, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kwenye viatu kuna chanzo cha pekee: dawa ya viatu yenye nta nyingi iliyorundikana kwenye mikunjo ya vidole. Kinachopasuka hapo ni nta. Iondoe kwa kisafishaji cha viatu, acha ngozi ipumzike, na ukipaka upya weka nta nene kwenye ncha na kisigino, si mahali panapokunjika. Viatu vivaliwe kwa kupokezana ili jasho la siku moja likauke kabla ya siku nyingine, vikiwa vimewekewa mbao za umbo la mguu ndani.

Uso unabanduka kwa maganda

Ukiona uso unabanduka vipande vipana na chini yake pana kitambaa kilichofumwa, hiyo si ngozi kabisa. Ni ngozi bandia, yaani kitambaa kilichopakwa poliuretani, na aina nyingi za poliuretani huvunjwa na unyevu wa hewa ukisaidiwa na joto. Kwanza hunata, kisha hupasuka, kisha hubanduka. Mchakato huu huendelea hata kama kitu kimewekwa kabatini bila kutumiwa. Ukiona chini ya maganda pana vumbi la nyuzi lililogandishwa, ni ngozi iliyosagwa na kuunganishwa kwa gundi, nayo hufuata njia hiyohiyo. Hakuna dawa inayorudisha hali. Kupaka rangi juu ya maganda ni kupaka juu ya kitu kinachoondoka, na kwa maoni yangu fedha hiyo iwekwe kwa ajili ya kitambaa kipya cha kiti.

Kwenye ngozi halisi kubanduka ni nadra, na kukitokea huwa tabaka la juu limekosa kushikana na lile la chini, ama kwa kasoro ya kiwandani, ama kwa sababu mtu alipaka rangi ya kurekebishia bila kuondoa mafuta kwanza.

Rangi imepauka, au inahamia kwenye nguo

Kupauka upande mmoja tu, ule unaotazama dirisha, ni kazi ya mwanga. Rangi za anilini huathirika haraka kuliko pigmenti, na miale ya jua hupita kwenye kioo cha kawaida kwa kiasi cha kutosha kuzidhuru. Losheni itaifanya rangi ionekane nzito kwa siku chache kwa sababu uso wenye unyevu huakisi mwanga tofauti, kisha itarudi ilivyokuwa. Kinachofaa ni pazia, kuhamisha kiti, na kurudishia rangi ikiwa imepotea. Pamoja na hayo, weka angalau nusu mita kati ya ngozi na chanzo chochote cha joto.

Ikiwa rangi ya ngozi inahamia kwenye nguo kavu, tabaka la juu halipo au limekwisha. Futa kwa kitambaa cheupe kilicho kikavu, kisha kingine chenye unyevu. Ikitoka kwenye kikavu, ni rangi ya ziada iliyobaki juu, na kufuta mara kadhaa kunaweza kuimaliza. Ikiendelea kutoka kwenye chenye unyevu, ngozi inahitaji utando mpya wa kinga.

Madoa

Rangi ya buluu kwenye kiti cheupe karibu kila mara hutoka kwenye suruali za jinzi. Buluu ya jinzi haiingii hadi kiini cha uzi. Imekaa kwa wingi kwenye sehemu ya nje, ndiyo maana huondoka kwa msuguano, hasa nguo ikiwa mpya au yenye jasho. Siku za mwanzo huondoka kwa povu la kusafishia ngozi. Ikiachwa miezi, huzama ndani ya tabaka na kuwa sehemu yake, na hapo hakuna njia isipokuwa kupaka rangi juu. Kiti cheupe hakina budi kupakwa kinga kabla ya kukaliwa kwa mara ya kwanza. Hakuna tatizo lingine katika mwongozo huu ambalo kinga yake ni rahisi na tiba yake ni ngumu kiasi hiki.

Wino wa kalamu ni mbaya zaidi, kwa sababu umetengenezwa kwa vimiminika vizito vya mafuta vinavyolainisha tabaka la juu na kulipenya. Tenda siku hiyohiyo. Bonyeza kwa kitambaa, usisugue, kisha tumia kiondoa wino cha ngozi kwa ncha ya pamba, ukizungusha pamba na kubadilisha kila inaposhika rangi. Ushauri wa kutumia spreyi ya nywele, thina au spiriti umeharibu viti vingi: wino huondoka kweli, lakini pamoja na rangi ya kiwandani, na doa dogo la buluu hugeuka kuwa duara kubwa lisilo na rangi. Kwenye ngozi ya anilini usijaribu chochote peke yako.

Maji yakiacha duara kwenye ngozi ya anilini, maana yake ni kwamba rangi na vitu vinavyoyeyuka vilisafirishwa na maji hadi ukingoni na kubaki hapo yalipokauka. Lowesha kwa sponji kipande chote kutoka mshono hadi mshono kwa usawa, bila kulowanisha kupita kiasi, kisha kikauke polepole. Duara hupungua, na mara nyingi huisha.

Doa jeusi lenye ubuluu kwenye ngozi iliyosindikwa kwa tanini, karibu na kifungo, msumari au kibano, ni chuma. Chuma chenye unyevu huungana na tanini na kutoa rangi ileile ya wino wa kale. Kusugua hakulitoi. Mafundi hutumia asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu na haipaswi kuguswa na asiyeijua. Zuia kwa kukausha chuma na kukibadilisha kikianza kutu.

Utando mweupe juu ya ngozi

Weupe unaotokea wenyewe kwenye mkoba au jaketi lililohifadhiwa unaweza kuwa vitu vitatu tofauti, na tiba ya kimoja haiponyi kingine.

Ukungu una harufu ya kitu kilichofungiwa, umekaa kwa mabaka yenye manyoya, mara nyingine wenye kijani au kijivu, na hufuata mishono na sehemu zilizoshikwa na mikono. Mafuta yaliyochomoza yamesambaa kwa usawa zaidi, hayana harufu, hufutika kwa kidole na kuacha uso wa kawaida, kisha hurudi baada ya wiki chache, hasa hali ya hewa ikipoa. Chumvi huacha mistari yenye ukingo, hasa kwenye viatu vilivyolowa, na ukiigusa hukwaruza kama chembechembe.

Njia rahisi ya kutofautisha ni joto dogo na maji. Elekeza mashine ya kukaushia nywele kwa mbali, kwa joto la chini: mafuta yatayeyuka na kutoweka machoni papo hapo, ilhali ukungu na chumvi vitabaki. Kisha gusa kwa pamba yenye unyevu: chumvi huyeyuka, ukungu hupakaza.

Mafuta yaliyochomoza ni asidi za mafuta zilizokuwa ndani ya ngozi au katika dawa iliyopakwa, zikapanda juu na kuganda. Hayadhuru. Yafute kwa kitambaa kikavu, na uache kupaka dawa yenye mafuta, kwa sababu kuongeza mafuta ni kuongeza chanzo.

Ukungu ni jambo la haraka. Toa kitu nje, vaa kitambaa cha pua na mdomo, na ukipukute kwa burashi laini ukiwa mbali na vitu vingine, kwa kuwa mbegu zake husambaa hewani. Kisha safisha kwa povu la ngozi na ukaushe kivulini penye upepo. Ukungu huota pale unyevu wa hewa unapozidi takribani asilimia 65 hadi 70 kwa muda. Ukiweza kushusha hadi kati ya asilimia 45 na 60, hautarudi. Chini zaidi ya hapo ngozi nayo huanza kukakamaa, kwa hiyo vifuko vya kunyonya unyevu visizidishwe katika kabati dogo. Mfuko wa plastiki ni adui hata ukiwa safi, maana hufungia unyevu ndani. Tumia mfuko wa kitambaa cha pamba. Kitu chenye ukungu kisirudishwe kabatini kabla kabati lenyewe halijafutwa na kukauka, la sivyo kazi yote itaanza upya.

Chumvi iondolewe kwa kitambaa chenye maji safi kidogo, kwa marudio, mpaka mstari usirudi baada ya kukauka.

Ngozi imekakamaa baada ya kulowa

Maji yanapoondoka kwa kasi, nyuzi hukaribiana na kushikana, na mafuta ya kiwandani huwa yamehama. Joto huongeza ubaya. Ngozi iliyosindikwa kwa tanini ikiwa imelowa huanza kunywea katika nyuzi joto 70 hadi 85 hivi za Selsiasi, na kunywea huko hakurudi nyuma. Ngozi ya kromiamu huvumilia zaidi, lakini tabaka lake la juu na gundi za mishono havivumilii. Kwa hiyo kitu kilicholowa kifutwe, kijazwe karatasi nyeupe isiyo na wino ili kibaki na umbo lake, na kiachwe penye hewa, mbali na jua na moto.

Kikiwa bado na unyevu mdogo sana, kikunjekunje kwa mikono polepole ili nyuzi ziachane. Hapa ndipo mafuta yana nafasi ya kweli, ikiwa ngozi inayapokea: paka kiasi kidogo cha krimu ya ngozi, subiri siku nzima, kisha uamue kama inahitaji zaidi. Mafuta ya kupikia huchacha na kutoa harufu, na mafuta ya mgando huziba uso na kushika vumbi. Vyote viwili visitumike.

Unga mwekundu kwenye ngozi ya kale

Majalada ya vitabu na masanduku ya karne ya 19 hadi mwanzo wa karne ya 20, yaliyosindikwa kwa tanini, huweza kuacha unga mwekundu mikononi. Gesi ya salfa kutoka kwenye makaa na taa za gesi iliingia katika ngozi, ikageuka kuwa asidi, na asidi ikakata nyuzi. Kwa miongo mingi maktaba zilipaka majalada kama hayo mafuta, ikiwemo dawa mashuhuri iliyopewa jina la British Museum, jumba la makumbusho la London, yenye lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo), nta na mafuta ya mwerezi. Wahifadhi wengi wameacha desturi hiyo, kwa kuwa mafuta hayaondoi asidi, nayo hukakamaa, hunata na kuleta giza. Wao hutumia selulosi ya haidroksipropili iliyoyeyushwa katika spiriti, ambayo hushikilia unga bila kulowesha ngozi kwa maji. Mwenye kitabu kama hicho afunge jalada kwa karatasi isiyo na asidi na asilisafishe kwa maji, kwa sababu maji huligeuza kuwa jeusi na gumu mara moja.

Kiti kinalia

Mlio wa ngozi kusugua ngozi hutokea zaidi kwenye matabaka yaliyonata. Safisha pande zote mbili zinazogusana, kausha, paka kinga. Mlio ukibaki, chanzo kiko kwenye fremu au springi.

Rangi ya kurekebishia haishiki

Rangi ikijikusanya na kuacha vijishimo vya duara, au ikibanduka siku ya pili, uso una silikoni au nta. Dawa nyingi za kung'arisha dashibodi na samani zina silikoni, na chembe kidogo tu hutosha kuzuia rangi kusambaa. Futa rangi hiyo ingali mbichi, osha kwa povu mara mbili, kisha futa kwa spiriti kwa kitambaa kipya kila mpito, ukielekea upande mmoja ili usirudishe ulichokitoa. Pitisha msasa mwembamba, futa unga, na ujaribu tone la rangi mahali pamoja kabla ya kurudia kipande chote. Tone likisambaa kwa usawa, endelea. Likijikunja tena, rudia kuosha kabla ya kufungua chupa ya rangi.